Lima Kwanza, Picha Baadaye

Studio niliyojifunzia kazi ilikuwa Shinyanga mjini, nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Shinyanga nzima hakuna aliyewahi kuona maporomoko ya maji, hata mvua yenyewe tunaiona kwa bahati. Lakini kila mtu alitaka kusimama mbele ya yale maji, mikono imenyooka, uso kama anasomewa hukumu. Ukimwambia cheka kidogo, anakuuliza, "Nicheke nini, na hela nimetoa?"

Mimi kazi nilipewa kwa sababu ya mdomo. Shule niliishia la saba, na mwalimu wetu alisema mdomo wangu umefaulu ila mwenyewe nimefeli. Basi pale studio mteja akikaa kwenye kigoda, namtupia neno, anaangua kicheko, nabonyeza. Wengi walizirudisha zile picha. Mama mmoja alikuja amekasirika, akaniambia picha ile alitaka kumpelekea mkwe wake, sasa imetoka na meno yote nje, mkwe ataona anaoa kwenye ukoo wa mamba?

Hizo zilizorudishwa nilizibandika nyuma ya mlango. Siku moja akaingia mhariri wa gazeti moja la picha la Dar es Salaam. Alikuwa anasubiri treni, akaona apige picha ya kitambulisho. Alipofunga mlango ndipo akaziona.

"Hizi nani kapiga?"

"Mimi. Ila hizo ni za waliokataa."

Akazitazama mpaka nikadhani atachelewa treni. "Basi endelea kupiga za waliokataa," akasema.

Akanieleza anachotaka. Picha moja, alisema, ni salamu tu, mtu anapita. Yeye anataka mazungumzo. Picha kumi na mbili za watu walewale, ukae nao, ule nao, mpaka wasahau kwamba upo. Nikamuuliza watanisahauje na mdomo huu. Akasema, "Utachoka wewe kwanza."

Nikaanza na wachimba dhahabu upande wa Geita. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa aibu. Nikitoa tu kamera, wanaume wanapanda kutoka shimoni, wananawa uso, wanavaa mashati, wanajipanga mistari miwili, wafupi mbele. Shimo linabaki tupu. Nilirudi na picha za timu za mpira zisizo na mpira. Wiki ya tatu nikashuka nao chini. Nikapewa nyundo na moko, ile patasi yao ndefu ya chuma, pigo la kwanza likatua kwenye kidole gumba changu. Nikatukana matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Walicheka mpaka udongo ukaanza kudondoka juu yetu, ikabidi mzee mmoja awanyamazishe tusije tukafukiwa kwa kicheko. Toka siku hiyo hakuna aliyenawa uso kwa ajili yangu.

Gazeti likatoa nne. Mhariri akaniandikia barua fupi: umejua kuingia kwa watu, sasa jifunze kutoka, maana hadithi yako haina mwisho. Akasema nikimletea hadithi yenye mwisho atanipa kurasa mbili za katikati, zile ambazo watu wanazibandua na kubandika ukutani. Hizo kurasa mbili nilizitaka kama mtu anavyotaka mke.

Ndiyo nikaenda upande wa Kharumwa.

Kule kulikuwa na kikundi cha vijana wa kulima, kama thelathini hivi, wanaume kwa wanawake. Wanazunguka shamba hadi shamba, wakialikwa wanalima kwa ngoma, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mavuno yakiisha, kikundi hichohicho kinaweka majembe chini na kucheza ngoma kushindana na vikundi vingine. Kiongozi wao kwa Kisukuma anaitwa nsumba ntale, mkubwa wa vijana. Mimi nilimwita Ntale tu, na yeye aliniita majina ambayo mengine siwezi kuyaandika.

Siku ya kwanza nilimkuta shambani anakunywa maji kwenye kibuyu.

"Mwadila," nikamsalimu kwa Kisukuma changu cha mjini.

"Mwadila. Kabila gani wewe?"

"Babu yangu alikuja na reli kutoka pwani. Mzaramo."

Majembe yote yakasimama. Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani anaweza kukutukana mbele ya mama yako, na mama akamkaribisha chakula. Ntale akawageukia wenzake. "Jamani, Mzaramo amekuja kulima. Leo mvua itatoka ardhini kwenda juu."

"Sikuja kulima, ndugu. Nimekuja kupiga picha."

"Hapa hatuli picha. Lima kwanza, picha baadaye."

"Baadaye lini?"

"Utaambiwa na mgongo wako."

Nikapewa jembe. Wenzangu walikwenda kama wimbi, mimi nikabaki katikati ya shamba na kijisehemu changu kisicholimwa, kama kisiwa. Mpiga ngoma akarudi nyuma, akanizunguka akinipigia peke yangu, na wasichana wakanitungia wimbo palepale: Mzaramo anaikuna ardhi mgongo, ardhi imepata usingizi. Wimbo huo ulikaa msimu mzima. Mpaka watoto wa njiani waliujua. Nikienda kisimani, nasindikizwa nao.

Nililala kwa mama yake Ntale. Asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo, mayu," anaitikia marahaba huku ananisogezea maziwa ya mgando na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. "Kula, mwanangu. Pwani hamna ng'ombe, mnakamua samaki." Mgongo uliniuma mpaka nikawa naamka kwa awamu, kwanza kichwa, halafu mikono, halafu viungo vingine baadaye. Lakini mwezi wa pili nikaanza kufika mwisho wa mstari wakati wenzangu bado wamekaa wanapumzika, sio wakati wameshaondoka. Na mwezi wa tatu nikatoa kamera, hakuna aliyegeuka. Msichana mmoja aliniona namlenga akasema tu, "Sogea, unanizibia upepo."

Hapo nikapiga. Nilimpiga mpiga ngoma amelala, kichwa juu ya ngoma yake. Nilipiga wasichana wawili, mmoja anamtoa mwenzake mwiba mguuni, wote wamekunja sura kama mwiba uko kwao wote. Nilimpiga Ntale mwenyewe, lile jitu la kutisha, kakaa chini ananyolewa na mama yake, anaambiwa atulie. Nilirudi Shinyanga mara mbili tu kusafisha filamu. Kufikia kuvuna pamba nilikuwa na picha kumi na moja ambazo nikiziangalia nacheka peke yangu.

Ya kumi na mbili, yaani mwisho wangu, ilikuwa mashindano ya ngoma. Na filamu ilibaki moja. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni yenyewe unaitafuta kama jini, na filamu zangu zilikuwa zinaletwa na dereva mmoja wa malori aliyepita Isaka, akikumbuka. Filamu moja, picha kumi na mbili, basi.

Mashindano yenyewe ni hivi. Vikundi viwili vinacheza kwenye uwanja mmoja, wakati mmoja, kimoja huku na kingine kule. Hakuna jaji wa kutoa alama. Watazamaji wakikuchoka wanatembea wanaenda kwa mwenzako, na jua likishuka, mwenye watu wengi ndiye kashinda. Kwa hiyo kila kikundi kina mganga wake wa dawa ya kuvuta watu, na kila mtu anajua, na kila mtu anasema cha mwenzake ndicho kinachotumia dawa. Ntale alikuwa ameshindwa misimu mitatu mfululizo na kikundi cha kijiji cha pili, na vijana walikuwa wamemwambia bila kuficha kwamba wa nne utakuwa na kiongozi mwingine.

Wiki moja kabla, siku ya mnada wa ng'ombe, vikundi vyote viwili vilicheza kidogo kujaribu. Nikatoa kamera nimpige Ntale. Watu wote wa mnada wakakimbilia upande wetu, kila mmoja anataka kuingia kwenye picha. Nikapiga mbili, zilizobaki kwenye filamu ya zamani; ile mpya sikuigusa. Halafu nikasogea upande wa pili niwaangalie wale wapinzani, na umati wote ukahama na mimi. Nikarudi, wakarudi. Nikawa mchungaji asiye na fimbo. Ntale alisimama kucheza, akanitazama kama mtu aliyeokota almasi njiani.

Aliyeongoza wapinzani, kijana mrefu mwenye pengo, naye aliona. Jioni hiyohiyo tulikuwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji.

"Mwenyekiti, wale wameleta dawa ya kizungu," yule wa pengo akasema.

"Ni kamera," nikasema.

"Inavuta watu au haivuti?"

"Inavuta."

"Basi dawa."

Ntale akajibu, "Kama dawa, si na wewe utafute yako? Nenda pwani kalete Mzaramo wako."

Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, na alikuwa anataka kwenda kula. Akatoa hukumu: siku ya mashindano kamera ikae ndani, imefungwa, mpaka yeye apige filimbi. Filimbi ikilia mshindi amejulikana, hapo mpiga picha apige mpaka achoke. Nikaona sawa. Mwisho wangu nitaupata, na hakuna atakayesema umenunuliwa. Nikapatana na mganga wetu, mzee mfupi aliyevaa koti la mvua kiangazi chote, kwamba siku hiyo aitunze kwenye kibanda cha ngoma na dawa zake.

Siku ikafika. Vumbi, watu kutoka vijiji sita, wauza miwa, wauza karanga. Vikundi vikaanza. Mchana kati nikahesabu kwa macho, nikaona tumeshindwa: wale wa pili walikuwa na jamaa anayecheza na jembe, analirusha juu linazunguka, analidaka kwa meno. Sisi tulikuwa na Ntale tu, anacheza vizuri, lakini kwa hasira, na hasira haiangaliwi muda mrefu. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja.

Ntale akanifuata nilipokaa. "Wewe unafanya nini?"

"Nasubiri filimbi."

"Umelima au hukulima?"

"Nimelima."

"Basi simama ucheze."

Nikamwambia sijui. Akasema hata kulima nilikuwa sijui. Nikavutwa katikati, nikafungwa njuga miguuni, nikapewa jembe. Nikaanza. Sina njia ya kueleza nilichokifanya pale. Wenzangu wanashuka, mimi napanda. Wanageuka kulia, mimi nakutana nao uso kwa uso. Wasichana wakaona nafasi yao, wakaanza ule wimbo wa Mzaramo anaikuna ardhi mgongo, na mimi nikaamua kama ni kuchekwa, nichekwe kwa mpango: nikapiga magoti nikaanza kuikuna ardhi kwa jembe, taratibu, nikaiuliza kama inasikia raha. Bibi mmoja mbele akacheka mpaka akamshika jirani yake. Jirani akawaita wengine. Watu wakaanza kukatiza uwanja, kwanza wawili watatu, halafu kundi, halafu mwuza miwa na miwa yake yote. Mwisho hata yule wa kudaka jembe kwa meno akaja kuangalia, jembe bado liko mdomoni.

Yule wa pengo alimkimbilia mwenyekiti. "Hiyo nayo ni dawa."

"Hana kamera," mwenyekiti akasema.

"Lakini si mtu wao. Ni wa mjini."

Mwenyekiti akaniita, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu. Akazipapasa sugu moja moja kama anayepima mahindi. "Amelima nanyi?" akawauliza wetu.

"Vibaya," Ntale akajibu, "lakini amelima."

"Basi ni wenu." Akapiga filimbi.

Nilikimbia na njuga zangu miguuni hadi kibandani, nikachukua kamera kwa yule mzee, nikarudi. Ntale alikuwa amebebwa juu, mama yake yuko chini anapiga vigelegele na kumwambia asije akaanguka, vumbi limepanda, jua liko nyuma yao. Nikapiga zote kumi na mbili. Kila nilipobonyeza nilikuwa naziona zile kurasa mbili.

Shinyanga, kwenye chumba cha giza, filamu ilitoka ukungu mtupu. Nilifikiri dawa za kusafishia zimeharibika. Nikachapisha moja: watu wanang'aa kama wamemwagiwa maziwa, kila kichwa kina mwanga, hata mstari mmoja unaoonekana wazi haupo. Nikachukua kamera. Ilikuwa ya macho mawili, la juu unaangalizia, la chini ndilo linalokamata picha, ndiyo maana uwanjani sikuona kitu. Nikalipitishia kidole lile la chini. Likateleza. Nikanusa: kondoo.

Mwenye studio akaniambia usihangaike, zile mbili za siku ya mnada zimetoka safi, Ntale anacheza, umati umejaa, tuma moja useme ndiyo ya ushindi. "Dar nani atajua?" Na kweli, nani angejua. Niliiweka kwenye bahasha na zile kumi na moja. Halafu nikaitoa. Nikairudisha. Asubuhi nikapanda lori la pamba na picha zote mbili mfukoni, ya mnada na ya ukungu.

Mzee wa koti la mvua nilimkuta kwa mama yake Ntale, wanakunywa uji. Hata sikumaliza kuuliza.

"Mafuta ya kondoo, ndiyo," akasema. "Na vitu vingine. Ulinieleza mwenyewe jicho la chini ndilo linalokamata. La juu sikuligusa, hilo lako."

"Mzee, kwa nini?"

"Ulilileta kwangu siku ya mashindano, nilitunze kwenye kibanda cha dawa. Ulitaka nililishe karanga?"

Ntale akaomba aone. Nikampa kwanza ile ya mnada. Akaiangalia, akairudisha. "Hii tulikuwa hatujashinda."

"Lakini unaonekana."

"Naonekana nimeshindwa mara tatu. Lete nyingine."

Nikampa ya ukungu, nikaanza kuomba radhi. Hakunisikiliza. Alikuwa ameinama na mama yake, wanaonyeshana kwa kidole. Huyu ni fulani, mwone bega lake. Huyu mwuza miwa. Mama akaweka kidole kwenye doa jeupe chini ya pembeni, mikono juu, mdomo wazi. "Huyu mimi," akasema. "Ndivyo nilivyokuwa." Akakaa nayo. Uji ukapoa.

Nikatuma hiyo, na barua ya kueleza yote mpaka kondoo. Ile ya mnada ikabaki mfukoni mwa Ntale, alisema atamwonyesha yule wa pengo akitaka kubisha.

Gazeti lilipofika, nilikwenda nalo mwenyewe. Kumi na moja zilikuwa ndogo pembezoni, na ile ya ukungu imelala kurasa mbili nzima za katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Barua ya mhariri ilikuwa na mstari mmoja: mwisho umepatikana, msalimie kondoo. Nilimpa mama yake Ntale alifungue, na kijiji kikajaa uani. Waliangalia zile ndogo wakachekana, hasa Ntale na kichwa chake cha kunyolewa. Walipofika katikati hakuna aliyecheka, mpaka mama akapiga kigelegele kimoja, na hapo ikawa kelele tupu. Yule wa pengo alikuwepo pia, alijifanya anapita. Akanivuta pembeni akaniuliza msimu ujao nimeshaahidi wapi, maana kwao kuna shamba la mpunga, udongo wake laini, mgongo hauumi.

Mganga alikuwa wa mwisho kupewa gazeti. Alilishika mbali na macho, akalileta karibu. Akahesabu zile ndogo kwa kidole, moja hadi kumi na moja, akaguna kama fundi anayeangalia kazi ya mwanafunzi.

"Hizi zote hukuzitia dawa," akaniambia.

"Hapana, mzee."

"Ndiyo maana wamekupa ndogo. Leta kamera."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa pembe ya mafuta. Nilikumbatia kamera kifuani nikatoka mbio, nikakata uani, nikapita kwenye zizi, na yeye nyuma yangu na miguu yake mifupi na koti linapepea, ananiambia nisimame ni kidogo tu, la juu hataligusa. Na nyuma yake kijiji kizima, pamoja na yule wa pengo, wakamwacha Ntale na gazeti lake na kuja kuangalia nani atashinda.